Permi ya pikipiki ya inchi ya kigeni: Kikula inakufikisha wapi?

Chukua mfano wa kijana mmoja wa Kikula, wale wa kuzaliwa hapa hapa. Aliondoka akiwa na miaka ishirini, akapita Kasumbalesa, akavuka Zambia yote mpaka Tunduma, akaishi Tanzania miaka sita. Kule alijifunza pikipiki, akapita mtihani, akapewa leseni yenye picha yake na tarehe yake. Akafanya kazi ya bodaboda. Kisha mama yake akagonjwa, akarudi Likasi. Na franga kidogo alizoleta akanunua TVS, akajiunga na motari wenzake kwenye njia panda. Permi anayo, pikipiki anayo, bakliya wako. Shida iko wapi?

Shida inatokea siku ile polisi wa rulaje anamuinulia mkono.

– Papa, kartasi.

– Iko hii, chef.

– Hii ya wapi?

– Ya Tanzania, chef. Iko muzima, angalia tarehe.

– Tarehe naona. Shi weye unalala wapi?

– Kikula, chef.

– Tangu wakati gani?

– Inapita mwaka sasa.

– Njo pale. Mwenye kupita njia na mwenye kukaa, ile haiko kitu kimoja.

Motari wengi wakisikia maneno kama hayo wanawaza mara moja kwamba polisi anatafuta feza ya sukari. Mara zingine ni vile, kila mtu wa Likasi anajua, haina siri. Lakini kwenye lile swali la «unalala wapi», polisi yule alikuwa na haki, na ni motari wachache wanaojua sababu yake. Wengi wanawaza kwamba permi ni kama diploma: ukiisha kuipata, ni yako mpaka kufa, popote utakapokwenda. Sivyo.

Mgeni na mkaaji

Mambo haya yalipangwa zamani. Tarehe 8 Novemba 1968, mataifa yalitia sahihi mkataba juu ya usafiri wa barabarani kule Vienna, Austria. Mkataba ulianza kutumika mwezi wa tano 1977, na miezi miwili tu baadaye Zaire ya wakati ule ikaingia ndani. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Agosti 1978, ikatoka sheria namba 78/022, ndiyo «code de la route» ambayo polisi wa rulaje na shule za kuendesha wanaitaja mpaka leo.

Mkataba wa Vienna unaomba kila inchi iliyoukubali ipokee permi ya taifa lingine lililo ndani ya mkataba, ikiwa bado haijapitwa na tarehe na ikiwa imetengenezwa kwa namna iliyokubaliwa. Tangu mwanzo mkataba ulitaja pia mambo ya luga: permi iliyoandikwa kwa luga isiyo ya inchi ile iende pamoja na tafsiri yenye muhuri. Kartasi ya mwanafunzi, yule anayejifunza bado, haihesabiwe kabisa. Mpaka hapo, msafiri mwenye permi ya taifa la namna hiyo anaweza kutabasamu.

Lakini ndani ya artikle ile ile, ya 41, kuna maneno ambayo watu hawasomi. Mkataba unasema kwamba inchi hailazimishwi kutambua permi ya mtu ambaye amehamisha makao yake ya kawaida na kuja kuishi ndani ya inchi hiyo kisha kupata permi ile. Ni kusema: permi ya kigeni inamlinda msafiri. Anakuja kuzika mjomba wake, anakaa wiki tatu, anarudi, huyo sawa. Mwenye kupanga nyumba Kikula, mwenye kuandikisha watoto kwenye shule ya hapa, mwenye kubeba bakliya kila siku, huyo si msafiri tena. Leseni yake haijaoza, haikuwa ya uongo, na kule ilikotoka bado ina nguvu. Hapa ndipo imepoteza nguvu, kwa sababu mwenyewe amebadilisha hali.

Serkali inafanya hivyo juu ya nini? Sababu moja ni ya maana. Permi si kartasi ya kuonyesha tu kwamba mtu anajua kuendesha. Ni kamba ambayo serkali inamshika nayo muendeshaji. Akiendesha amelewa, akigonga mtu na kukimbia, serkali inaweza kumnyanganya permi yake. Lakini permi iliyotolewa na inchi ingine, serkali ya hapa haina uwezo wa kuifuta kwenye kitabu cha kule. Kwa hiyo mkaaji wa Likasi anaombwa awe kwenye kitabu cha hapa.

Inchi zingine zinapanga muda wazi. Uingereza inamuachia mkaaji mpya miezi 12 aendeshe na permi yake ya zamani. Ikiisha, anabadilisha kama inchi alikotoka iko kwenye orodha yao, Zimbabwe na Afrika Kusini ziko ndani, na kama haiko anaanza mitihani upya. Ufaransa inamuachia mwaka mmoja wa kuomba kubadilisha, na kwa inchi tu zilizopatana nayo. Mtu wa Kikula aliye na ndugu Ulaya anaweza kumuuliza. Wengi walilia kwa kupitisha ule mwaka. Mkataba wa Vienna wenyewe hauweki hesabu ya siku. Unatazama makao tu. Basi mwenye kurudi Likasi kwa kukaa asijihesabie yeye mwenyewe kwamba bado ana miezi fulani. Aende kwenye biro wiki za kwanza, wakati bado anaweza kusema kweli kwamba amefika sasa sasa.

«Shi tuliingia EAC?»

Hili ni swali linalorudi mara nyingi kati ya motari, hata kati ya wafanya biashara wa Kasumbalesa. Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa saba 2022. Zaidi ya hapo, iko ndani ya SADC tangu 1997, na SADC ina protokole yake ya usafiri, ya 1996, inayotaka permi za inchi zote za kusini zifanane. Kwa nini basi leseni ya Tanzania, inchi iliyo kwenye jumuiya zote mbili pamoja na Kongo, isiwe permi ya Kongo?

Jibu ni lile lile la polisi. Kutambuliana permi kati ya majirani kunasaidia mwenye kupita: shofere wa kamio anayetoka Dar es Salaam na mzigo, akishusha na kurudi, hawezi kuombwa mtihani kwenye kila mpaka. Hakumgeuzi mkaaji kuwa mgeni wa milele. Jumuiya hazikufuta CONADEP, komisyo ya taifa inayotoa permi hapa Kongo chini ya wizara ya Usafiri, sawa vile hazikufuta ofisi za leseni za Tanzania ao za Zambia.

Kosa lingine ni la «permi international». Watu wanakisifu sana kile kitabu cha rangi ya kijivu, na kwenye simu wako wenye kukiuza kwa dola, wanasema kinafungua inchi zote. Permi ya kimataifa ya kweli ni tafsiri tu ya permi ya taifa, yenye muundo mmoja kwa luga nyingi. Inatolewa na inchi ile iliyotoa permi ya kwanza, kwa mtu mwenye permi hiyo, na inaonyeshwa pamoja nayo. Chini ya mkataba wa zamani wa Geneva, wa 1949, inadumu mwaka mmoja; chini ya ule wa Vienna, miaka mitatu kwa wingi, na haiwezi kupita tarehe ya permi yenyewe. Kwa mtu aliyehamia Kikula haibadilishi kitu. Na yenye kununuliwa kwenye simu haifikishi hata Kambove.

Mkono wa kuume

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu ndipo mambo ya permi yanaacha kuwa mambo ya biro na yanakuwa mambo ya mifupa.

Tanzania, Zambia, Uganda na Kenya zinaendesha upande wa kushoto. Kongo, Rwanda na Burundi, upande wa kuume. Gari inayotoka Zambia inabadilisha upande pale Kasumbalesa, na shofere anakumbuka kwa sababu usukani wake unamuambia: amekaa upande usiofaa, kupita gari ya mbele ni taabu. Pikipiki haimuambie kitu. Usukani uko katikati, breki ni zile zile, vitesi viko mguu wa kushoto kama kule. Mikono na miguu inajua kazi yote. Kichwa ndicho kinadanganya.

Na hakidanganye wakati wa magari mengi. Barabara ikijaa, mtu anafuata wengine. Hatari ni saa kumi na moja ya asubui, njia iko tupu, motari anatoka mu parsele yake na usingizi kidogo, anashika kushoto bila kuwaza. Ao anasimama kununua krediti ya simu, anapowasha tena anarudi upande wa zamani. Ao anageuka kushoto kwenye njia panda: kule ilikuwa kona ndogo, unashika ukingo tu, hapa kugeuka kushoto ni kukata njia ya wanaokuja mbele. Kwenye rompuwe vilevile. Tanzania unazunguka kama mshale wa saa, hapa unazunguka kinyume chake.

Likasi si kijiji cha baiskeli. Barabara ya taifa namba 1 inapita hapa, na makamio ya madini kutoka Kolwezi kwenda Lubumbashi na Kasumbalesa yanapita mchana na usiku. Kupita kamio ndefu kama ile, kule motari alizoea kutokea upande wa kuume. Hapa anatokea kushoto. Anayetafuta kupita kwa kuume, kati ya kamio na ukingo, shofere hamuoni. Na usiku kuna jambo la taa. Pikipiki zingine zilizotengenezwa kwa inchi za kushoto, taa yao ya mbele inainua mwanga upande wa kushoto kidogo, ili imulike ukingo. Ukiileta Kongo, ule mwanga unaingia ndani ya macho ya anayekuja mbele. Fundi anaweza kusaidia, lakini lazima mwenye pikipiki ajue kwanza.

Kuna kingine kidogo ambacho shule hazisemi. Karibu pikipiki zote za kazi, TVS, Boxer na wenzake, eshapema iko upande wa kuume. Tanzania abiria anashukia kushoto, upande wa ukingo, mbali na chuma cha moto. Kongo ukingo uko kuume. Basi abiria ana chaguo baya: ashukie kuume aunguze mguu, ao ashukie kushoto, katikati ya njia, gari zikipita. Mama aliyekaa pembeni, miguu yote upande wa kushoto, magoti yake yanaangalia magari yanayokuja. Motari aliyezoea hapa anajua kusimama ndani kabisa, nje ya barabara, na kumuambia kliya «mama, ngoja kwanza». Motari aliyetoka kule juzi bado hajapata ile tabia, na leseni yake ya Tanzania, hata iwe ya kweli namna gani, haikumfundisha.

Ndiyo maana, hata pale biro inapokubali kubadilisha permi bila mtihani mpya, mtu aliyeendesha kushoto miaka sita angefanya vizuri kulipia masaa machache kwenye shule ya kuendesha. Bei yake ni ndogo kuliko plata ya gipsi.

Kartasi zinazokwama

Permi ya pikipiki ni kategoria A. Hapa watu wanaanguka kwa urahisi: mwenye permi ya gari, B, anawaza kwamba gari ni kubwa kuliko pikipiki, kwa hiyo permi ya gari inafunika zote. Haifuniki. Kabla ya kuanza safari ya biro, mtu ageuze leseni yake nyuma na kusoma vizuri ni madaraja gani yaliandikwa. Kama A haimo, hakuna kitu cha kubadilisha kwa upande wa pikipiki, hata kama aliendesha bodaboda miaka kumi. Ataanza upya kama mwanafunzi.

Kisha majina. Hii ndiyo inachelewesha watu kuliko yote, na hakuna anayeitazamia. Tanzania, mtu anaandikwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Zambia, mara nyingi ni mawili tu. Kongo tuna jina, postno na preno, na hiyo postno haipatikani kwa jirani yeyote. Basi mtoto wa Kikula, kwenye karte ya elekteri anaitwa hivi, kwenye leseni ya kule anaitwa vingine, na tarehe ya kuzaliwa nayo inaweza kuwa imeruka mwaka. Kwa macho ya karani, hao ni watu wawili. Usiende kugombana naye. Dawa iko tribinali: kartasi inayosema kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja, ikitegemea kartasi ya kuzaliwa na mashahidi. Ifanywe kwanza, mbele ya dosye ya permi, kwa sababu dosye ikiisha kuingia na jina baya, kuisahihisha ni safari ingine.

Tafsiri nayo. Leseni ya Tanzania ina Kiswahili na Kiingereza. Ya Zambia ni Kiingereza. Luga ya kazi ya serkali Kongo ni Kifaransa. Karani wa Likasi anaweza kusikia Kiswahili kuliko wewe, lakini dosye haisikii. Inataka tafsiri ya mtafsiri aliyeapa, yenye muhuri. Tafsiri ya leki anayesoma luga kwenye iniversite haitoshi.

Kitu kinachosaidia zaidi ya vyote, na kinachosahaulika zaidi ya vyote, kinapatikana kule unakotoka: barua ya ofisi iliyotoa leseni, ikisema kwamba leseni namba fulani ni ya fulani, ilitolewa tarehe fulani, kwa madaraja haya, na haijafutwa. Permi za uongo ziko nyingi katika Afrika ya Mashariki yote, na karani anayepokea plastiki ya kigeni hana mashine ya kuipima. Ukiwa bado Dar es Salaam ao Kitwe, kuomba barua ile ni kazi ya siku moja mbili. Ukiwa Kikula, ni kumtuma mtu, kulipa basi, kungoja. Wale waliokimbia machafuko ya Pweto na Moba kwenda Zambia, na kurudi bila kupanga safari, wanajua namna gani kartasi moja iliyoachwa nyuma inaweza kula miezi.

Yaliyobaki ni ya kawaida: kitambulisho, kartasi ya makao kutoka komini, cheti cha munganga hasa juu ya macho, picha. Mgeni ambaye si Mkongomani anaongeza viza yake ya kukaa, inayotolewa na DGM. Kabla ya kupanda basi kwenda Lubumbashi, kilometa 120 hivi, inafaa kuuliza kwenye biro ya Usafiri ya Likasi yenyewe: dosye inapokelewa hapa? Alama za vidole zinachukuliwa hapa ao kule? Original ya leseni ya kigeni inabaki kwao ao inarudi? Inchi nyingi zikitoa permi mpya zinachukua ile ya zamani. Piga kopi ya mbele na ya nyuma, yenye muhuri wa komini, mbele ya kuiachilia.

Na franga. Feza za serkali zina njia yake: kartasi ya kulipa, «note de perception», kisha benki, kisha risiti. Mtu anayesema «nipe mimi, nitakulipia» anaweza kuwa mtu mzuri, anaweza pia kuwa anakuuzia plastiki isiyo kwenye kitabu chochote. Permi iliyopatikana kwa siku moja, bila vidole, bila benki, mara nyingi ndiyo ile inayomfungisha mtu siku ya ajali.

Permi isichanganywe na kartasi za pikipiki. Permi inafuata mtu. Plaki, karte roze, vinyeti na asiransi zinafuata chuma. Aliyevuka mpaka na pikipiki yake yenye plaki ya Tanzania ana mambo ya dwane pia, na hayo ni ya DGDA, hayamalizwi na permi mpya. Vinyeti ni ya provensi, permi ni ya taifa. Motari mwenye vinyeti mpya kwenye mfuko anaweza bado kuwa hana haki ya kuendesha.

Siku ya ajali

Wengi wanahesabu hivi: permi ni gharama, polisi ni gharama, basi nichague iliyo ndogo. Kila siku elfu kidogo kwa rulaje, maisha yaende. Hesabu hii inafaa mpaka siku moja.

Mtoto anatoka mbio kati ya meza za soko. Motari anafunga breki, anachelewa. Mtoto anavunjika mguu, ao mbaya zaidi. Sasa swali si la rulaje tena, ni la parke. Kanuni ya azabu ya Kongo, kitabu cha pili, artikle ya 53, inampangia aliyeua mtu bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu, kifungo cha miezi mitatu mpaka miaka miwili na faini. Kwa kuumiza, artikle ya 54 inapanga siku nane mpaka mwaka mmoja. Na mtu asiyekuwa na permi halali anaanza kujitetea akiwa chini tayari: hata kama mtoto ndiye aliyeruka, swali la kwanza litakuwa, weye ulikuwa unafanya nini barabarani?

Kisha inakuja asiransi. Tangu 1973 sheria inalazimisha kila chombo chenye injini kuwa na asiransi ya kulipa wanaoumizwa. Wakati wote ule SONAS ilikuwa peke yake. Sheria ya 2015 ilifungua mlango kwa kompani zingine. Lakini mikataba mingi ya asiransi inaweka sharti moja: anayeendesha awe na permi halali ya chombo kile. Bila hiyo, kompani inaweza kukataa, ao kumlipa aliyeumia kisha kumgeukia motari imdai. Motari aliyelipa asiransi kwa uaminifu kila mwaka, akiwa na leseni ya kigeni isiyobadilishwa, alikuwa analipa mwavuli wenye tundu.

Na hapa wenye pikipiki wasikilize. Sehemu kubwa ya motari hawaendeshi mali yao. Wanapeleka versema kila jioni kwa mwenye chuma, ambaye mara ni mwalimu, mara ni mama wa soko, mara ni mfanyakazi wa kompani ya madini. Kanuni ya sheria za raia, kitabu cha tatu, artikle ya 260, inasema aliyemtuma mtu kazi anajibu kwa hasara ambayo yule mtu ameleta akiwa ndani ya kazi ile. Familia ya mtoto ikiona motari hana kitu, itauliza pikipiki ni ya nani. Mama wa soko aliyeweka akiba ya miaka mitatu kwenye TVS anaweza kujikuta mbele ya juje juu ya permi ambayo hakuiangalia hata siku moja. Kuomba kuona permi, kategoria, tarehe na inchi iliyoitoa, mbele ya kukabizi funguo, hakumaanishi kumdharau kijana.

Anayeondoka

Njia ina pande mbili. Vijana wa Likasi wanaendelea kwenda Solwezi, Ndola, Dar es Salaam, Kampala, na wengine wanafika mbali, Marekani, ambako kila jimbo lina sheria yake na pikipiki inaombwa ruhusa yake mbali na ya gari. Mwenye permi ya CONADEP anayejua kwamba ataondoka, aombe barua ya uhakika akiwa bado hapa, aitafsirishe kwa Kiingereza, na aangalie kwamba majina ya permi na ya paspoti yanafanana herufi kwa herufi. Akifika, yeye ndiye atakuwa mwenye kuulizwa unalala wapi.

Kuhusu kijana wa mfano wetu, kazi yake ya kwanza ni kumuandikia rafiki yake wa zamani Tanzania amtafutie ile barua, na ya pili ni kupita tribinali juu ya postno yake. Dosye ikiisha kuingia, atapewa risiti. Aulize kwa karani, na kama inawezekana apewe kwa maandishi: risiti hii inaniruhusu kuendesha, ao inaonyesha tu kwamba nimeomba? Kama jibu ni la pili, TVS haihitaji kulala mu parsele. Amkabizi leki yake mwenye permi A ya hapa, na kwa muda ule yeye ndiye atangoja versema ya jioni.